Besi Iliyovuka Korongo

Mama Gachoki alisema waya haukuwa umeingia.

Hivyo ndivyo alivyowaambia watu pale kwenye mashine ya kusaga, Jumatatu asubuhi, ndoo za mahindi zikiwa zimepanga mstari mpaka barabarani. Alisema aliona kwa macho yake mawili Wambeti wa Njiru, yaani mimi, nimesimama mbele ya kanisa na gitaa kubwa kifuani, nachezesha vidole kama mtu anayepukuchua ndengu, na waya wa gitaa umelala chini kama nyoka aliyekanyagwa na lori. Alisema gitaa halikutoa mlio hata kidogo. Nyimbo tatu nzima zilipita, mimi natikisa kichwa na kufumba macho, kumbe nimeshika ubao tu.

"Anavaa gitaa vile mtu anavaa kofia," alimaliza, na watu wakacheka mpaka mwenye mashine akaizima ili naye asikie.

Haya niliyapata kwa mamangu, ambaye alikuwa wa nne kwenye ule mstari. Alirudi na unga na hasira. "Jumapili hakuwa hata kanisani!" alisema. "Alikuwa kwake anafukuza kuku kwenye ndengu. Huo waya aliuona na darubini?"

Kweli hakuwa. Boma la Mama Gachoki liko ng'ambo ya korongo, kwenye kilima kinachotazamana na kanisa letu, na wiki hiyo alikuwa ameanika ndengu uani. Mtu mwingine angesema basi, huyu ni mwongo, maneno yameisha. Mimi nilikaa nayo. Waya hakuuona, sawa. Lakini mtu habuni kitu kutoka hewani tu. Kuna kitu alikisikia, au hakukisikia, halafu akakitafutia sababu.

Lile gitaa la besi ni la kanisa. Aliyenifundisha kulipiga ni Mwalimu Mwenda, mtu wa Meru, wakati alikuwa anafundisha shule ya msingi hapa kwetu nje ya Siakago. Mimi nilikomea darasa la nane, nikawa nafagia kanisa kila Jumamosi, naye alikuwa anakuja kufanya mazoezi. Siku moja akanikuta nimesimama na ufagio, namtazama mkono wa kushoto. Alinivisha gitaa. Miaka miwili baadaye alihamishwa kwao, na mimi nikabaki nalo.

Amplifaya ilikuwepo, sanduku kubwa la mbao. Mvua ya mwaka jana tuliliacha chumba cha nyuma, juu ya sakafu ya udongo. Tulipokuja kulinyanyua, tulibaki na vishikio mikononi. Mchwa walikuwa wamekula mbao yote wakaacha rangi imesimama. Tangu siku hiyo waya wangu ulikuwa unaenda moja kwa moja kwenye mikisa, ile mashine ya vifundo vya kuzungusha inayokusanya sauti zote na kuzipeleka kwa spika. Ndani ya kanisa tuna spika mbili za sanduku. Nje, juu ya mlingoti, tuna honi mbili, zile spika za chuma zenye mdomo kama ua la malenge.

Anayeshika mikisa ni Njagi, ambaye pia anapiga kinanda. Kinanda alijifunzia mjini Manyatta, na wiki haiishi bila kutukumbusha.

Jumatano baada ya maombi aliniita Mzee Ndambiri, mwenyekiti wa kamati ya kanisa.

"Wambeti, sisemi Mama Gachoki amesema kweli," alianza. Sauti yake inakwaruza kama msasa, na hata akinong'ona utasikia kutoka lango la kanisa. "Lakini hata mimi nikikaa nje na wageni, besi siisikii. Na Njagi anasema mkono wake wa kushoto unaweza kuipiga yote kwa kinanda."

"Na mkono wangu hauombi chai," Njagi akasema kutoka nyuma. Wapigaji huwa tunapewa chai na mandazi baada ya ibada.

"Wewe nyamaza. Wambeti, baada ya Jumapili ya Mavuno kamati itakaa. Kama hiyo gitaa haisikiki, tutaiuza tuongeze honi mbili. Usikasirike."

"Sijakasirika, mzee."

Nilikuwa nimekasirika. Lakini zilikuwa zimebaki wiki tatu, na hasira haijawahi kukaza waya.

Jumapili iliyofuata niliomba ruhusa nisipige. Njagi alifurahi sana, akanyoosha vidole vya mkono wa kushoto mbele ya watu kama mtu anayejitayarisha kukamua ng'ombe. Mimi nikashuka korongo, nikapanda upande wa pili hadi kwa Mama Gachoki. Nilimkuta na fimbo ya kuku mkononi.

"Umekuja kunipiga?" aliuliza.

"Nimekuja kusikiza, Mama Gachoki."

"Kusikiza nini?"

"Kile ulichosikia."

Alinipa kigoda na ungo wa ndengu nichambue. Kwake hakuna mtu anayekaa bure.

Ibada ikaanza. Tulisikia matari, chwi-chwi-chwi, kama mvua ya mawe juu ya sufuria. Ann, mwimbaji wetu, ambaye sauti yake ni asali tupu ukiwa ndani, huku alikuwa anakuja na kupotea kama mtu anayetembea nyuma ya ua. Kinanda tulisikia cha juu tu, kile cha mkono wa kulia. Ule mkono wa kushoto wa Njagi, ambao nilijua unafanya kazi mpaka jasho, haukuvuka korongo hata mara moja. Halafu Mzee Ndambiri akasimama kutoa matangazo, na kila neno likatufikia kama ameketi nasi kwenye ndengu.

"Mama Gachoki, unasikia besi?"

"Besi ni gani?"

"Ile sauti ya chini kabisa. Ile nene."

"Nene iko wapi? Si nilisema waya haujaingia?"

Niliendelea kuchambua ndengu, mawe upande huu, nzuri upande ule. Na ni hapo, mikono ikifanya kazi yake, niliona. Honi zinafanya vile tu nilikuwa nafanya. Sauti nene na laini zinatupwa kando. Zinazopita ni zile zenye makwaruzo: matari, msasa wa Mzee Ndambiri. Gitaa langu Mwalimu Mwenda alinifunza kulipiga laini, mviringo, bila kukwaruza. Nilikuwa nimefunzwa vizuri, na uzuri huo ulikuwa unaishia mlangoni.

Tena nikakumbuka kitu kingine. Jumapili ya Mavuno kwetu, watu hawaingii kanisani hivihivi na matoleo. Kila kijiji kinatoka barabara kuu kikicheza, vikapu na nyungo vichwani, mbuzi kwa kamba, wanashuka korongo na kupanda mpaka mlangoni. Wale wa mbele wanakanyaga vile wanavyosikia kutoka mlangoni, wale wa nyuma wanakanyaga vile wanavyojua wao, na kila mwaka mstari unakatikia palepale korongoni. Mwaka jana mtu alimgonga Mama Gachoki mgongoni na kikapu chake kizima kikamwagika kwenye mchanga.

"Mwaka huu utapeleka ndengu?" nikamuuliza.

"Nitapeleka. Lakini nitatembea kama mtu anayeenda soko. Kucheza na wale vipofu wa masikio, mimi nimekataa."

Jioni nilimpigia simu Mwalimu Mwenda. Nilimwambia kuhusu honi, ndengu, kila kitu. Alicheka kwa furaha, si kwa dharau.

"Besi yako inataka kutiwa mchanga kidogo," alisema. "Kuna pedali, kisanduku cha chuma, unakichomeka katikati ya gitaa na mikisa. Kinakwaruza sauti na pia kinaitia nguvu, kwa hivyo amplifaya huihitaji. Njoo Meru, kwa Thuranira. Lakini ziko nyingi, Wambeti. Usichague kwa macho, na usichague kwa vifundo."

Nikauza mbuzi wangu wa kahawia, nikaenda Meru.

Duka la Thuranira linatazamana na akina mama wanaouza ndizi. Thuranira ni mtu mnene, mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Kwenye kaunta alikuwa ameegemea kijana mmoja anaitwa Riungu, anapiga besi kwenye bendi ya hoteli, kofia imegeuzwa nyuma.

"Amplifaya yako ni ya ukubwa gani?" Thuranira aliniuliza.

"Sina. Ililiwa na mchwa."

Riungu akageuka kabisa anitazame. "Ililiwa na nini?"

"Mchwa. Sasa nataka pedali ya kwenda moja kwa moja kwa mikisa."

Thuranira akapanga tatu kwenye kaunta. Moja nyekundu, mpya, vifundo saba na taa ya bluu. Moja ndogo ya njano. Moja ya kijivu iliyochubuka pembeni, imeshatumika, vifundo vinne.

"Siz, chukua nyekundu," Riungu alisema. "Hii hata ukiwa umelala inakupigia." Akachomeka gitaa la duka, akapiga kwa spika kubwa ya Thuranira. Ukweli lazima niuseme, ilikuwa tamu. Chupa za soda kwenye kaunta zilitetemeka. Niliisikia mpaka kwenye nyayo. Ile ya njano ilikuwa nyembamba, ya kijivu ikatoa sauti kama mtu aliyeamka na homa. Mkono wangu ulikuwa umeshaenda kwa mfuko. Nikaurudisha.

"Baba, una honi?" nikamuuliza Thuranira.

"Honi ya gari?"

"Hapana. Ile ya mlingoti. Ya chuma."

Akavua miwani. "Ninayo moja, ya mtu anayeuza dawa ya kunguni sokoni. Ameileta nimtengenezee."

Riungu aliangua kicheko mpaka akashika kaunta. "Ngai! Huyu dada anataka kuwauzia kunguni besi!"

"Dawa ya kunguni ndio inauzwa," nikamwambia. "Kunguni wanapewa bure."

Thuranira ndiye aliyecheka sasa, tumbo lote. Pengine ni kwa sababu hiyo alikubali. Aliitundika ile honi kwenye mlango ikitazama barabara, akaiunga. Nilimwomba Riungu apige noti zilezile mara tatu, na Thuranira abadilishe pedali bila kuniambia ni ipi. Kisha nikavuka barabara, nikasimama kwa akina mama wa ndizi, nikalipa duka mgongo.

"Unamkimbia nani?" aliniuliza mmoja, jina lake nilikuja kujua ni Kathambi.

"Nayakimbia macho yangu. Nisaidie kusikiza."

Ya kwanza ikaja. Au haikuja. Ilikuwa kama mtu anayeongea chini ya blanketi kwenye nyumba ya jirani. Kathambi aliendelea kupanga ndizi zake. Ya pili ilifika, lakini kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa, makelele bila mwili. Kathambi akapunga mkono kando ya sikio kana kwamba kuna nyuki kweli.

Ya tatu ilivuka barabara ikitembea. Ilinguruma, ilikwaruza, lakini ndani ya yale makwaruzo noti zilikuwa zimekaa moja moja, ungeweza kuzihesabu kama hatua za mtu unayemjua anapokuja nyumbani. Niliangalia chini. Kiatu cha Kathambi, kile cha plastiki, kilikuwa kinapigapiga vumbi, na yeye mwenyewe hajui.

"Hiyo ya mwisho ni nini, mwari?" akauliza. "Hiyo imenipata."

Nilirudi dukani. "Ya tatu ilikuwa gani?"

Thuranira akainua ile ya kijivu.

"Na ya kwanza?"

Akaonyesha nyekundu, yenye taa yake ya bluu. Riungu alivua kofia, akajikuna kichwa, akairudisha ikitazama mbele. "Miaka sita napiga," alisema, "na sijawahi kutoka nje nijisikie."

Thuranira akanieleza vile vifundo vinne. Kimoja cha ukubwa wa sauti. Kimoja cha kuamua iwe nene au nyembamba. Kimoja cha makwaruzo. Na cha nne, ambacho nilikipenda zaidi, cha kuchanganya: makwaruzo kiasi hiki, besi safi kiasi hiki, ili wa ndani wasikose yao na wa nje wapate yao.

"Inakula stima ama betri?" nikauliza.

"Zote mbili. Kwa nini?"

"Kwetu stima ikipotea tunawasha jenereta, na jenereta inaimba ndani ya kila waya. Nataka ya betri."

"Wewe umesomea wapi haya?" Riungu akauliza.

"Kwa ndengu," nikamjibu. Alidhani namtania.

Jumamosi, siku moja kabla ya mavuno, nilienda kwa Mama Gachoki mapema. Nilimwambia mchana akae palepale pake na leso yake nyekundu. Akisikia besi, ainue leso. Ikiwa mbaya, aitupe begani. Asiposikia, aiweke chini.

"Na mimi napata nini?"

"Utakuwa wewe ndiye umesema."

Hilo lilimtosha. Nilipofika kanisani na kuangalia kupitia mlango wazi, alikuwa tayari amekaa kwenye kigoda, leso magotini, kama hakimu.

Njagi aliangalia kisanduku changu kwa pembe ya jicho. "Hicho ni cha shule? Unabebea chakula?"

"Washa honi, Njagi."

Nikapiga. Ndani, karibu, ilikuwa mbaya. Njagi aliziba masikio. "Hiyo ni tingatinga! Unalima barabara?" Lakini mimi nilikuwa natazama kilima. Leso ilikuwa imelala. Nikainama nikaongeza makwaruzo kidogo. Imelala. Nikaongeza tena. Leso ikapanda juu, nyekundu kabisa, halafu papo hapo ikatupwa begani. Mbaya. Nikashika kile kifundo cha nne, nikarudisha besi safi polepole, vile unavyotia maji kwenye uji ulioshikana. Ndani ya kanisa ile tingatinga ilianza kutulia, ikawa kitu kingine, ikapata kifua. Njagi akatoa mikono masikioni.

Leso ikapanda. Ikakaa juu. Ikaanza kuzunguka. Halafu nikamwona Mama Gachoki amesimama, ungo kwa mkono mmoja na leso kwa mwingine, anacheza peke yake katikati ya kuku.

"Anacheza nini yule?" Njagi aliuliza.

"Besi."

Njagi alirudi kwenye kinanda. Kisha akasema, "Nyamazisha hiyo. Wacha nipige mimi na mkono wa kushoto, wimbo uleule." Akapiga, na akapiga vizuri, siwezi kumnyima. Tulitazama kilima wote wawili. Leso ikashuka. Mama Gachoki akasimama kidogo, akaangaza huku na huku kama mtu aliyepotelewa na kuku, akaketi.

Njagi alizima kinanda. Nilidhani ataondoka. Alikwenda kwa sanduku la huduma ya kwanza, akakata plasta, akarudi kwenye mikisa, akaibandika juu ya kifundo changu ili mtu yeyote asikiguse. Aliandika juu ya plasta kwa kalamu: WAMBETI.

Jumapili yenyewe, stima ilipotea kabla ya wimbo wa pili. Ni kawaida. Jenereta ikawashwa, na kinanda cha Njagi kikaanza kuguna pamoja nayo, mmmmm, mpaka akakipunguza sana. Kisanduku changu kilikuwa na betri yake, hakikujua kama kuna shida duniani.

Mzee Ndambiri alikuwa mlangoni na fimbo yake. "Wanakuja!" alipaza sauti, hata hakuhitaji maiki.

Kutoka mahali nilipokuwa, niliona barabara kuu, mbali, na mstari unajipanga. Vijiji vinne. Vikapu vichwani, mbuzi, mtu mmoja na mkungu wa ndizi, wanawake wa chama na vitambaa vya kijani. Ann akaanza wimbo. Nikangoja, nikangoja ubeti mmoja mzima, kisha nikaingia.

Niliona ikiwafika. Niliiona kama unavyoona upepo ukifika kwenye shamba la mtama. Wa mbele walikuwa wanakanyaga kivyao, wa katikati wanatembea, wa nyuma wanaongea. Halafu bega moja likashuka, la pili, la kumi. Hatua ya kulia, hatua ya kushoto. Mstari mrefu vile, na ukawa mtu mmoja.

Wakaanza kushuka korongoni. Hapo ndipo unakatikia kila mwaka, kwa sababu ukiwa chini kule huoni kanisa, na zamani ulikuwa husikii kitu ila matari. Wakaingia wote, mpaka wa mwisho. Barabara ikabaki tupu. Sikuona mtu. Niliendelea kupiga, macho kwenye ukingo wa korongo, vidole vikichoma, nikituma kila noti ishuke kule chini iwatafute. Kanisa lote lilikuwa limegeuka kutazama nje. Hata Njagi aliacha kupiga. Ilibaki Ann, matari, na mimi.

Vikapu ndivyo vilivyotokea kwanza. Vikapu na nyungo, bila vichwa, vikipanda kutoka ardhini. Vinashuka pamoja. Vinapanda pamoja. Kushoto, kulia, mstari mzima, kamba moja. Hakuna kikapu kilichoyumba. Na katikati kabisa, yule aliyeapa atatembea kama mtu anayeenda soko, Mama Gachoki, kikapu cha ndengu kichwani bila kushikwa na mkono, leso nyekundu imefungwa kiunoni, anakanyaga chini kwa nguvu ya kuwaamsha waliozikwa.

Vigelegele vilipasuka ndani ya kanisa mpaka mabati yakaitikia. Mzee Ndambiri aliitupa fimbo yake, na mtu yule hatembei bila fimbo. Akaenda kuwapokea akicheza. Njagi alirudi kwenye kinanda na mkono mmoja tu, wa kulia. Ule wa kushoto aliuweka mfukoni, na akahakikisha nimeona.

Wakati wa mnada wa matoleo, mbuzi wakiuzwa na ndengu zikipimwa kwa debe, Mzee Ndambiri alichukua maiki. "Kamati ilikuwa ikae Jumanne," alisema. "Imeshakaa. Imekaa pale mlangoni nikiwa nacheza. Hiyo gitaa haiendi popote. Na anayeipiga haendi popote." Watu wakapiga makofi, mamangu akapiga kelele ambayo sitaisahau, na mimi nikainamia gitaa nikijifanya nakaza waya wa tatu.

Baadaye tulikuwa nje kwenye kivuli cha ukuta, tunakunywa chai. Nilikuwa na mandazi matatu, mawili kutoka kwa Njagi. Ndipo wale wa mashine ya kusaga wakamzunguka Mama Gachoki.

"Mama Gachoki, leo waya umeingia?" mmoja akaanza.

"Ama leo pia uliona kutoka kwako kwa kuku?"

"Mnunulieni miwani, aone mpaka Kibugu!"

Wakacheka kile kicheko cha Jumatatu ile, na sasa kilikuwa kinamwangukia yeye. Alijaribu kucheka nao, akashindwa katikati. Akaondoka kwao, akaja moja kwa moja mpaka niliposimama nikikunja waya wangu kwenye kiwiko, duara kwa duara. Wao wakamfuata ili wasikose kitu. Nyuma yangu alikuwa Njagi, ambaye ile Jumapili ya kwanza aliuchomeka waya kwa mkono wake mwenyewe na kujua umeingia.

"Wambeti, mwari wangu," Mama Gachoki alisema, kwa sauti ambayo sikujua anayo. "Si ni mimi niliinua leso? Si ni kwangu ulikuja?"

"Ni kwako, Mama Gachoki."

"Basi waambie hawa. Sema ile siku waya haukuwa umeingia. Sema tu hivyo, mara moja, wasikie, nami niende nyumbani."

Kikombe kimoja kiliwekwa chini. Vumbi la korongo lilikuwa limempanda Mama Gachoki mpaka magotini, sawasawa kwa miguu yote miwili. Nilikunja duara la mwisho, nikashika ncha ya waya, ile ya chuma inayoingia, nikaipangusa kwa kidole gumba, na nikaendelea kuipangusa.